Saidicheni kwenye trapu: kwa nini 808 inavuta pumzi na besi inapotea kwenye bajaji

Swali: Kaka, shikamoo. Nina studio ndogo ya chumbani hapa Igoma, Mwanza, natengeneza biti za trapu kwa programu ya FL Studio. Kiki (lile pigo zito la ngoma) na 808 (besi ndefu ya chini) zilikuwa zinagombana, nikaangalia mafunzo mtandaoni, nikaweka saidicheni kama walivyoelekeza, ili kiki ikigonga 808 ishuke kuipisha. Sasa kiki inasikika, lakini 808 imekuwa kama inavuta pumzi na biti imelegea. Nikiipiga kwenye bajaji au kwenye simu, besi inapotea kabisa. Halafu kuna ngoma za Kisukuma nilizorekodi Bujora wakati wa Bulabo, ile sherehe ya ngoma za Wasukuma, nazo zinajaza huku chini. Nimekutumia faili la mradi. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nimeisikiliza biti yako kwenye hedifoni, kwenye spika za studio, kisha kwenye simu. Ni biti nzuri, na wazo la kuingiza ngoma zile usiliache. Saidicheni nayo umeiunganisha sawasawa kabisa. Shida ni kwamba mafunzo uliyoyafuata ni ya muziki wa hausi, na wewe unapiga trapu. Aina hizi mbili zinaitaka saidicheni kwa sababu tofauti, na vipimo vya upande mmoja vinaharibu upande wa pili.

Kwenye hausi kiki inagonga kila pigo, mara nne kwa kila ba (fungu la mapigo manne), kwa mwendo wa BPM (mapigo kwa dakika) 120 hadi 128 hivi. Besi na kinanda vinazama kila kiki inapogonga na kupanda tena kabla ya kiki inayofuata, na huko kuzama na kupanda ndiko kunakomchezesha mtu. Pale kuzama kunatakiwa kusikike. Trapu haiendi hivyo. Mwendo unaandikwa BPM 140 lakini mwili unausikia kama 70, snea inakaa pigo la tatu, na kiki zinaruka: mbili zinafuatana karibu karibu, kimya, halafu moja peke yake. Ukiiweka saidicheni ya hausi hapo, 808 inazama bila mpangilio wowote, na sikio linaona kama kuna kitu kimeharibika. Ndiko huko kuvuta pumzi unakokusikia. Kwenye trapu 808 ndiyo wimbo wenyewe. Inabeba noti, inabeba uzito, na msikilizaji akitoka hapo ndiyo anayoondoka nayo kichwani. Saidicheni yake ifanye kazi yake bila mtu kujua kwamba ipo.

Kabla hujagusa kompresa, yaani kile kifaa kinachoishusha 808 kiki ikigonga, elewa kwanza ugomvi unatoka wapi. Sauti hii ilitoka kwenye mashine ya ngoma ya Roland TR-808 ya Kijapani, iliyoingia sokoni 1980 na kuacha kutengenezwa 1983. Tunachokiita 808 leo kilikuwa kiki ya mashine ile: pigo fupi mbele na mkia mrefu wa chini nyuma yake. Maprodyuza wa Marekani wakaurefusha ule mkia, wakaupigia noti kama gitaa la besi, na kule Atlanta ukawa nguzo ya trapu. Kwa hiyo 808 yako tayari ina kiki ndani yake. Ukiongeza kiki nyingine juu, una kiki mbili zinazogonga kwa wakati mmoja mahali pamoja, na kompresa haiwezi kukuamulia ipi ibaki.

Kwa sababu hiyo, zima kiki usikilize 808 peke yake pamoja na snea na haihati. Biti nyingi za trapu zinasimama hivyo hivyo, bila kiki ya ziada wala saidicheni. Yako haisimami, nimejaribu. 808 uliyochagua ina mbele laini mno na inahitaji kiki ya kuipa ncha. Lakini sasa tunajua kazi ya kiki hapa ni ipi: kutoa pigo la mwanzo, basi. Haina haja ya mkia. Kiki yako ina mkia wa karibu robo sekunde, na mkia huo unakaa kwenye eneo lile lile la 808. Ufupishe hadi milisekunde 120 hivi, kwa kuushusha taratibu mwishoni ili usikatike ghafla. Ukifanya hilo peke yake, utashangaa ugomvi ulivyopungua.

Kitu cha pili ni mwelekeo wa mawimbi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu wengi wanapapita. Noti ya kwanza ya 808 yako ni F ya chini, karibu Hz 44, kwa hiyo wimbi moja linachukua milisekunde 23 hivi kukamilika. Kiki yako nguvu zake nyingi ziko karibu na Hz 55. Zikianza pamoja na zote zikaanza kwa kupanda, zinaongezana. Sauti mbili zinazofanana kabisa zikikutana hivyo zinapanda desibeli 6. Moja ikianza kwa kupanda na nyingine kwa kushuka, zinakulana, na kiki inakosa tumbo hata uiongeze vipi. Kwenye miksa ya FL Studio kila chaneli ina kitufe kidogo cha kugeuza polariti, yaani mwelekeo wa wimbi. Weka biti iende, kibonyeze kwenye chaneli ya 808, kisha kirudishe, huku unasikiliza chini tu. Upande wenye uzito zaidi ndio wa kubaki nao. Kwenye mradi wako nilipokigeuza kiki ilinenepa papo hapo, na hapo hakuna plagini (programu ndogo ya ziada) hata moja niliyokuwa nimeongeza. Maana yake sehemu ya kile ulichokuwa unakidai kwa saidicheni kilikuwa kimeliwa hapo.

Angalia pia noti za 808 zenyewe. Kwenye ba ya nne noti ya zamani bado inalia wakati mpya imeanza, na mbili hizo zikikutana huko chini ni vurugu tupu. Kwenye sampla ya FL Studio kuna kipengele cha kukata: ipe 808 namba ile ile pande zote mbili, wa kukata na wa kukatwa, ili kila noti mpya iizime iliyotangulia.

Sasa tuje kwenye kompresa. Umeiweka rilizi (muda wa kuachia) milisekunde 300, na sindano ya kipimo chake inaonyesha kwamba 808 inashushwa desibeli 12 kila kiki inapogonga. Tufanye hesabu. Kwa BPM 140, pigo moja ni 60,000 kugawa kwa 140, yaani milisekunde 428 na ushee. Nusu ya pigo ni 214. Wengi wanadhani rilizi inaanza kuhesabiwa kiki inapogonga. Haianzi hapo. Inaanza pale kiki inaposhuka chini ya threshodi, yaani kiwango kinachoiamsha kompresa. Kiki yako inakaa juu ya threshodi karibu milisekunde 90, ndipo kompresa inaanza kuachia. Tisini na mia tatu ni 390. Yaani 808 inarudi kwenye ukubwa wake pigo likiwa limekaribia kuisha. Na pale ulipoweka kiki mbili kwa umbali wa nusu pigo, 808 hairudi kabisa, kwa sababu kiki ya pili inaikuta bado iko chini na kuikandamiza tena. Sikiliza nusu ya pili ya kila ba, ndipo biti inapolegea, na ndipo kiki zako mbili zilipo.

Jaribu rilizi ya milisekunde 54. Sijaiokota tu namba hii: ni moja ya thelathini na mbili ya ba kwa BPM 140. Tisini na hamsini na nne ni 144, kwa hiyo 808 inakuwa imesimama tena kabla ya kiki ya pili kufika kwenye 214. Ukiwa umefupisha mkia wa kiki kama nilivyosema, itarudi mapema zaidi. Kompresa hazipimi rilizi kwa namna moja, kwa hiyo anzia hapo kisha usogeze kidogo huku na huku kwa sikio. Ila usiende chini ya 30. Wimbi moja la kiki ya Hz 55 ni milisekunde 18, na rilizi ikikaribia urefu huo kompresa inaanza kufuata wimbi moja moja badala ya kufuata pigo zima, na 808 inatoa mkwaruzo ambao utausaka kwenye ekwalaiza bila kuupata.

Ataki (muda wa kuanza kushusha) usiweke sifuri. 808 ikishushwa ghafla katikati ya wimbi inatoa kimlio kama cha kucha juu ya meza. Milisekunde 1 hadi 3 zinatosha; kiki inapita na hakuna mlio. Resho (ukali wa kushusha) weka 4 kwa 1, kisha shusha threshodi mpaka sindano isome kati ya desibeli 3 na 6. Kwa resho hiyo, kiki ikivuka threshodi kwa desibeli 8, 808 inashushwa 6. Ukiona unahitaji zaidi ya hapo, basi kuna kitu kwenye sauti ulizochagua au kwenye mkia wa kiki hakijakaa sawa, rudi huko.

Kwa wengine watakaosoma hapa na hawajui kuunganisha: kwenye miksa ya FL Studio chagua chaneli ya kiki, bofya kulia kwenye kimshale kilicho chini ya chaneli ya 808, chagua saidicheni. Kisha kwenye 808 weka Fruity Limiter, hamia upande wa kompresa, na sehemu ya saidicheni weka namba 1. Anayetumia Reaper aipe 808 chaneli nne, apeleke kiki kwenye ya 3 na ya 4, kisha ndani ya ReaComp achague kwamba kinachosikilizwa ni hizo za ziada. Ableton Live ina kitufe chake ndani ya kompresa yenyewe.

Kuna wanaochora mzamo kwa plagini za sauti kama Kickstart au LFOTool badala ya kompresa. Ni sahihi kabisa, hasa kama kiki zako zote zina nguvu sawa. Mimi kwenye trapu napendelea kompresa, kwa sababu kiki zake hazigongi kwa nguvu moja. Ile inayogonga kwa upole inaishusha 808 kidogo, ile kali inaishusha zaidi, na biti inabaki na mwendo wa kibinadamu. Kama kiki yako ina sauti inayobadilika badilika na kompresa inayumba, tengeneza kiki bubu: nakala fupi, kavu, isiyokwenda kwenye masta (chaneli ya mwisho inayobeba wimbo wote), ambayo kazi yake ni kuiamrisha kompresa tu.

Sasa kwa nini tunahangaika na hizi desibeli 4 au 5 ambazo hata hazisikiki? Kwa sababu ya limita kwenye masta, ile inayozuia sauti isivuke kikomo. Kiki na 808 zikigonga pamoja bila kupishana, mrundikano wao ndio unaoifikia limita kwanza. Limita haijui kwamba ni besi; inashusha kila kitu, na sauti ya msanii inashuka nayo. Ndiyo maana kuna nyimbo ambazo rapa anaonekana kama anamezwa kila kiki inapogonga, na prodyuza anazidi kuipandisha vokali bila mafanikio. Zikipishana kwa milisekunde mia moja tu, mrundikano unapungua, na unaweza kuupandisha wimbo wote bila kuusikia ukikakamaa. Hii kwangu ndiyo sababu kubwa ya kuweka saidicheni kwenye trapu. Kabla ya masta, acha vilele vyote viishie karibu desibeli 6 chini ya sifuri, na hiyo limita uliyoiweka tangu mwanzo iondoe kwanza, maana inakuficha ukweli.

Besi kupotea kwenye bajaji na kwenye simu ni ugonjwa mwingine, na hakuna saidicheni itakayoutibu. Spika ya simu haitoi kitu cha maana chini ya Hz 200. 808 yako iko Hz 44 na ni wimbi safi sana, halina kitu juu yake. Nenda soko la Mwaloni pale Kirumba asubuhi usikilize muziki unaotoka kwenye simu na vile viredio vya memori kadi wanavyotundika kwenye meza za dagaa: hakuna sabufa pale, na nyimbo zenye besi inayosikika ni zile ambazo besi yake ina sauti za juu yake yenyewe. Noti ya Hz 44 ina ndugu zake kwenye 87, 131, 175, 218 na kuendelea. Ukizifanya hizo zisikike, sikio linajijazia noti ya chini hata kama spika haiwezi kuitoa. Kinachozizalisha ni saturesheni, yaani kuikwaruza sauti kidogo kwa makusudi. Weka Fruity Waveshaper au plagini yoyote ya aina hiyo kwenye 808, ongeza taratibu huku unasikiliza kupitia spika ya simu, na simama mara tu unapoweza kuifuata melodi ya besi. Ukizidisha, kwenye sabufa itakuwa inakoroma.

Na hapa saturesheni na saidicheni vinakutana vizuri. Ukiweza, igawe 808 njia mbili: ya chini ya Hz 120 na ya juu yake. Saidicheni iweke kwenye ile ya chini tu. Kiki ikigonga, tumbo la 808 linapisha, lakini zile sauti za juu zinaendelea bila kukatika, kwa hiyo hata msikilizaji wa simu hasikii shimo. Kompresa ya bendi nyingi inafanya kazi hiyo hiyo. Tangu nianze kugawa hivi, sijaona sababu ya kurudi kuishusha 808 nzima.

Ngoma za Bulabo. Kwanza hongera kwa kuzirekodi mwenyewe, maana wengi wanachukua ngoma za Afrika kwenye vifurushi vya sampuli vinavyouzwa nje, na wao wanaishi hatua chache kutoka Kisesa, ilipo Bujora. Ngoma zile zilipigwa uwanjani ili zisikike na umati wa Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya ngoma yanayoshindana, bila kipaza sauti, kwa hiyo chini yake ni pana mno kwa biti yenye 808. Na kwa kuwa ulirekodi nje, huko chini kuna upepo na kelele za watu, siyo ngoma peke yake. Kata kila kitu chini ya Hz 100. Usiogope, utu wa ngoma ile uko kwenye ngozi na mikono, yaani kati ya Hz 150 na 400 na kwenye mlio wa juu. Saidicheni ya kiki usiiweke kwenye ngoma hizi hata kidogo, kwa sababu zina mdundo wao, na ukizizamisha kwa mdundo wa kiki unaua mvutano wa midundo miwili ambao ndio uliokufanya uzipende. Kama bado zinabana, punguza desibeli 2 kwenye eneo la Hz 250 uone.

Hukuniuliza kuhusu vokali, ila nimeona kuna chaneli ya rapa ndani ya mradi, kwa hiyo nitagusia. Saidicheni inayonisaidia kuliko zote kwenye rapu ni ya vokali kuishusha rivabu (mvumo unaobaki nyuma ya sauti) na mwangwi wake yenyewe. Rapa akiwa anaongea, rivabu inakaa chini. Akinyamaza, inajitokeza na kujaza nafasi. Maneno ya Kiswahili yanaishia na irabu, sauti haikatiki sana kati ya neno na neno, kwa hiyo rivabu kubwa inaweza kuufunika mstari mzima. Ataki milisekunde 10, rilizi 150 hadi 200, ishuke desibeli 4 hadi 6. Kisha melodi, siyo ngoma wala 808, ishushwe na vokali desibeli 1 au 2 tu. Rilizi hapo isiwe fupi, la sivyo kinanda kitatetemeka kwa kila silabi.

Mwisho, chumba chako. Umesema ni chumba cha kawaida cha matofali. Chumba chenye urefu wa mita 3.4 kinakuza mawimbi ya karibu Hz 50, na hapo ndipo kiki na 808 yako zinapoishi. Ukikaa kwenye ukuta utasikia besi nyingi kuliko iliyopo, ukikaa katikati utaikosa. Usiamue ukubwa wa 808 kwa spika ukiwa umekaa sehemu moja tu. Tumia hedifoni kwa huko chini, angalia spektramu (mchoro wa nguvu ya kila eneo la Hz), kisha peleka wimbo kwa rafiki mwenye sabufa na kwenye bajaji moja unayoifahamu, ile ile kila mara, ili ujue spika yake inadanganya kwa kiasi gani.

Anza na mkia wa kiki, polariti na kukata noti za 808, katika mpangilio huo, saidicheni ikiwa imezimwa. Halafu iwashe kwa vipimo nilivyokupa. Ukimaliza nitumie tena mradi, na kiki na 808 ziwe pia kwenye faili mbili tofauti za WAV, bila limita, nizipime pamoja.